Mwalimu Sacco: maoni ya mwanachama wa tangu 1994

Nilijiunga na Mwalimu Sacco, chama cha akiba na mikopo cha walimu wa Kenya, mwaka wangu wa pili wa kufundisha sekondari. Kabla ya hapo nilikuwa nikikopa kwa mtu wa sokoni aliyetaka shilingi 130 kwa kila 100, mwisho wa mwezi uleule. Mzee wetu wa Jiografia alinikuta chumba cha walimu nikipiga hesabu ya madeni, akaniletea fomu. Aliniambia chama hiki kilisajiliwa mwaka 1974, na kwamba siku hizo mwalimu asiye na hati ya shamba hakuwa na la kumwambia meneja wa benki.

Nguvu yake ni makato. TSC, tume inayotuajiri walimu, hukata akiba kabla mshahara haujafika mkononi. Nilianza na shilingi 500 kwa mwezi. Baada ya miaka miwili nilikuwa na 12,000, na kwa kuwa mtu hukopa mara tatu ya akiba yake, nikapata 36,000. Riba ilikuwa asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki: mwezi wa kwanza nililipa riba ya shilingi 360, mwezi wa 36 shilingi 10. Pesilipu ile ya mwisho ninayo hadi leo. Mkopo huo ndio ulioezeka mabati nyumba ya mama kule Mwala.

Walionidhamini ni walimu wanne niliokunywa nao chai ya saa nne kila siku. Ningewakwepaje? Lakini udhamini una uchungu wake pia. Nilimwekea sahihi mwenzangu mmoja, akaacha kazi akatoweka, na miezi saba nikalipa deni nisilolila. Ukiombwa udhamini, muulize mtu anakopa nini na ana madeni gani mengine, hata kama ni rafiki.

Jambo moja siwezi kulisifu: kuingia kwenye biashara ya benki kwa kununua ile iliyokuja kuitwa Spire Bank. Ilipata hasara mwaka baada ya mwaka, hadi benki ya Equity ikachukua amana na mikopo yake mwaka 2023. Akiba hii iliwekwa ili walimu wakopeshane. Kazi hiyo chama kilikuwa kinaijua tangu mwanzo.

Hata hivyo sijatoka. Binti yangu ameajiriwa na TSC mwaka huu, na jana tumejaza fomu yake pamoja. Alitaka kuanza na 1,000. Nimemsihi aandike 3,000, kabla hajauzoea mshahara mzima.