Fonti kwenye Linux: apt au kwa mkono?

Mjadala huu hauishi kwa watumiaji wa Ubuntu na Debian, matoleo mawili ya Linux: usakinishe fonti (mitindo ya herufi) vipi? Wengine huapa kwa apt, amri ya kusakinisha na kuondoa vifurushi vya programu. Wengine hupakua faili ya fonti (.ttf) na kuiweka kwenye folda yao ya ~/.local/share/fonts, basi.

Kwa bando, mkono unashinda: unachukua fonti moja tu unayoihitaji. Kifurushi cha fonts-noto cha apt kinaweza kukupakulia hadi herufi za Kichina na Kijapani ambazo huenda hutazigusa kamwe. Mkono hauhitaji sudo (ruhusa ya msimamizi) pia, kwa hiyo kwenye kompyuta ya ofisi usiyo na nenosiri lake la msimamizi, njia ni hiyo tu. Fonti isipojitokeza, piga amri ya fc-cache -f ili mfumo usome upya fonti zilizopo, kisha itafute kwa fc-list, inayoziorodhesha.

Kwenye matunzo, apt haina mpinzani. Inasasisha fonti pamoja na vifurushi vingine, inaziondoa kwa amri moja, na fonti zinakaa /usr/share/fonts, kila mtumiaji wa mashine anaziona. Na kuna shida moja inayoimaliza vizuri: umetumiwa barua iliyoandikwa kwa Calibri, ukiifungua kwa programu ya LibreOffice mistari inavurugika, sahihi inaangukia ukurasa wa pili. Sakinisha fonts-crosextra-carlito, herufi zake zina upana uleule wa Calibri. Kwa Arial na Times New Roman ipo fonts-liberation.

Mwenye maabara ya shule atumie apt. Msanifu anayejaribu fonti mpya kila wiki atachoka nayo mapema; atumie mkono, ila folda yake ya fonti aiweke kwenye nakala rudufu.