Hansard ya Bunge la Tanzania: inasomeka vizuri, kutafuta jambo ndani yake ni kazi

Anayetaka kujua kilichosemwa bungeni Dodoma ana njia tatu: vipande vya video, habari za magazeti, na Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard. Video ina sauti na sura lakini haina ukurasa wa kunukuu. Gazeti huokota sentensi moja ya mbunge na mara nyingi huacha jibu la waziri. Hansard ndiyo inayokupa swali, jibu, maswali ya nyongeza na uamuzi wa Kiti (Spika au anayeongoza kikao kwa niaba yake) kwa mfuatano wake, kwa Kiswahili, bila malipo, kwenye tovuti ya Bunge. Tunachopima hapa ni nakala hizo za mtandaoni, ambazo huwekwa faili moja la PDF kwa kila kikao.

Usiruke ukurasa wa kwanza. Una kichwa "Majadiliano ya Bunge", kisha mkutano, kikao, tarehe na saa ya kuanza, ambayo mara nyingi ni saa tatu asubuhi. Wanaonukuu vibaya hukosea hapa. Mkutano ni kipindi chote ambacho wabunge wamekaa Dodoma, na kikao ni siku moja ndani yake. Mkutano wa bajeti peke yake huanza Aprili na kumalizika Juni. Hesabu ya mikutano huanza upya kila Bunge jipya linapoanza baada ya uchaguzi, kwa hiyo "Mkutano wa Saba" upo katika Bunge la Kumi na Moja (2015–2020) na upo tena katika Bunge la Kumi na Mbili (2020–2025). Ukiandika "Swali Na. 82" bila kutaja Bunge, mkutano na tarehe, msomaji wako hatalipata.

Baada ya dua na hati za kuwasilishwa mezani huja maswali, na hii ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Swali la msingi hupelekwa mapema na jibu lake huja limeandikwa wizarani, ndiyo maana lugha yake imenyooka na haina jambo la kushtukiza. Thamani iko kwenye nyongeza. Mwenye swali huruhusiwa nyongeza mbili, na hapo waziri au naibu wake hujibu bila maandishi ya kusoma. Ahadi za "mara baada ya Bunge hili tutakwenda pamoja kwenye jimbo lako" hupatikana hapo, si kwenye jibu la msingi. Anayefuatilia barabara au kituo cha afya cha kwao aanzie hapo, na anakili ukurasa kabla hajafunga faili.

Angalia pia vifupisho. "MHE. fulani (K.n.y. MHE. fulani)" maana yake wa kwanza ameuliza kwa niaba ya wa pili. Swali ni la yule wa pili, lakini nyongeza zimetoka kinywani mwa wa kwanza. Wanaohesabu nani ameuliza maswali mangapi wasipoitazama K.n.y., hesabu yote huharibika.

Dosari kubwa ya kusoma Hansard, na hii wapya hawaambiwi, ni kwamba si kila kilichochapishwa kilitamkwa. Waziri husoma muhtasari, kisha huomba hotuba yote iingizwe kwenye Taarifa Rasmi, na inachapishwa ilivyowasilishwa mezani. Wabunge ambao hawakupata nafasi ya kusimama hupeleka michango kwa maandishi, nayo hupangwa kwenye taarifa ileile, ikianza na "Mheshimiwa Spika" kama ile iliyosemwa. Ishara ya kuitofautisha ni kichwa cha "Michango kwa Maandishi" kilicho juu ya kundi zima, pengine kurasa nyingi nyuma. Ukitua katikati kwa kutafuta neno, hutakiona kichwa hicho. Njia ya uhakika ni kutafuta dalili za ukumbi: "(Makofi)", "(Kicheko)", "TAARIFA", au ule mstari wa kwamba kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Mchango mrefu usio na hata dalili moja kati ya hizo, rudi nyuma uutafutie kichwa. Kuandika kwamba mbunge "alisimama na kusema" jambo alilolipeleka kwenye karatasi ni kosa la kweli.

Mtego mwingine ni neno "MWENYEKITI". Wakati mwingine ni mmoja wa Wenyeviti wa Bunge aliyekalia Kiti badala ya Spika. Lakini Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi (kupitisha fedha za wizara) au Kamati ya Bunge Zima (kupitia ibara za muswada), Spika mwenyewe huandikwa MWENYEKITI, hadi pale maandishi yatakaposema "(Bunge lilirudia)". Kwa hiyo kabla ya kumtaja aliyetoa uamuzi, rudi hadi palipoandikwa kwa mara ya mwisho jina la aliyekalia Kiti.

Kamati ya Matumizi yenyewe inasomeka kama daftari la hesabu. Kila wizara ina fungu lake, kwa mfano Fungu 49 la Maji na Fungu 52 la Afya, na ndani yake mna vifungu. Macho yaende kwanza kwenye kifungu 1001, cha utawala. Humo mna mshahara wa waziri, na ndipo wabunge hushika shilingi: mbunge anataka maelezo, asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja, wengine wanachangia, waziri anajibu, mtoa hoja anairudisha shilingi au Bunge linaamua. Kurasa hizi chache hueleza udhaifu wa wizara kuliko hotuba yake yote. Baada ya hapo vifungu hufuatana vikiwa na mstari uleule wa kupitishwa "bila mabadiliko yoyote". Usidhani wabunge wote waliridhika na kila kimoja. Muda ukikaribia kwisha, Kiti huingia kwenye gilotini, na vifungu vilivyobaki hupitishwa bila mjadala.

Upande wa kura, hoja nyingi huamuliwa kwa sauti za "ndiyo" na "siyo", na Hansard huandika tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Nani alikataa, hutalijua. Bajeti Kuu ya Serikali ni tofauti: majina huitwa mmoja mmoja.

Sasa kutafuta. Huduma inadorora hapa. Faili za siku za bajeti huweza kupita kurasa 200, na hakuna faharasa ya majina wala ya mada mwishoni. Utategemea kitafutio cha PDF, nacho hakijui ngeli. Ukiandika "kijiji", "vijiji" vinakupita. Andika "ijiji" upate vyote viwili, na "ituo" kwa kituo na vituo. Vichwa vingine vimeandikwa kwa herufi zilizoachanishwa, kama "D U A", kwa hiyo neno zima halipatikani. Majina ya watu jaribu kwa jina la mwisho pekee.

Ukikuta kanuni ya Bunge imetajwa, tazama kwanza mwaka wa toleo lake. Kanuni ya 68(7), iliyotumika sana kuomba mwongozo wa Spika, ni ya toleo la Januari 2016. Toleo la Juni 2020 lilipanga namba upya.

Na kuna visivyomo kabisa. Mijadala ya kamati za kudumu haimo, ni taarifa zao tu zinazosomwa ukumbini. Maneno ambayo Kiti kimeagiza yafutwe, kinyume chake, hubakia na alama kwamba si sehemu ya Taarifa Rasmi. Kwenye miswada, ibara itaandikwa imepitishwa "pamoja na marekebisho yake", lakini ili ujue neno gani limebadilika unahitaji Jedwali la Marekebisho na muswada wenyewe mezani, viwili kwa pamoja, ukilinganisha ibara kwa ibara.