Mafundi friji wa Arua wasioachia gesi hewani

Friji yako ikiacha kugandisha na uko Arua, Uganda, ipeleke kwenye ile karakana iliyo nyuma ya soko, yenye kompresa kuukuu mlangoni. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Friza yangu ya samaki ilikuwa ikiishiwa gesi mara kwa mara. Fundi wa awali alikuwa anafungua tu, gesi iliyobaki inatoka fyuu, kisha anajaza nyingine. Hawa wanainyonya yote kwa mashine mpaka mtungini, ndipo wanasaka tundu. Kwangu lilikuwa kwenye kiungo cha bomba la shaba: fundi alipaka povu la sabuni, vipovu vikaanza kuchomoza kimoja kimoja. Akachomelea, akatoa hewa yote, akaweka mtungi kwenye mizani na kujaza gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibati. Hapo ndipo nilipoona gesi ikipimwa kwa mara ya kwanza.

Mtungi wa R-12, gesi ya friji za zamani, wanautenga. Gesi hiyo ina klorini; ikifika juu sana jua huivunja, na klorini inakula ozoni inayotukinga na miale ya urujuanimno. Ndiyo sababu Mkataba wa Montreal wa 1987 uliibana. Kijana aliyekuwa akingoja friji yake akaleta nadharia ya Qing-Bin Lu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, kwamba miale ya kosmiki itokayo anga za mbali ndiyo inayoivunja zaidi. Wanasayansi wengi hawaikubali. Fundi akamjibu, "Ndugu yangu, liwe jua, iwe miale yako, klorini imetoka humu humu kwenye friji." Nilimpenda kwa jibu hilo.

R-134a ya friza yangu haina klorini, lakini nayo haifai kuachiwa: kwa miaka 100, kilo moja inapasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za kaboni dioksidi. Marekebisho ya Kigali ya 2016, yaliyofanyiwa mkataba huohuo wa Montreal, yanataka ipunguzwe.

Nyota moja nimeikata kwa kuchelewa. Friza ililala kwao, samaki wangu wa Panyimur nikawaomba majirani wanihifadhie. Bei yao pia inazidi ya mafundi wa barabarani, ila kwa kazi ile naona ni haki yao. Risiti uidai mwenyewe. Na kama friji yako inatumia R-600a, waambie mapema: gesi hiyo inashika moto, kwa hiyo wao huifanyia kazi nje uani.