Kitanda cha kukunja cha fiziotherapia: nyota nne, ya tano imeliwa na mkoba

Nilikinunua Juni 2020 kwa shilingi 19,500, kwa muuzaji wa vifaa vya hospitali hapa Mombasa. Ni cha aluminiamu, kilo 14 pamoja na mkoba wake, miguu ya kurefushwa na tundu la uso. Wenzangu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) wanaotaka kuanza kutibu majumbani huniuliza kama kinafaa.

Kwangu kilifaa kwa sababu kliniki ilikuwa inakufa. Niko Ganjoni, na mkate wangu ulitoka kwa wagonjwa wa baada ya kazi, saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Kafyu ya korona ya tarehe 27 Machi 2020 ikataka kila mtu awe ndani saa moja. Aprili 8 kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, nikapoteza wagonjwa wa Mtwapa (Kilifi) na wa Ukunda (Kwale) kwa mpigo. Upasuaji usio wa dharura uliahirishwa, basi wa magoti hawakuletwa. Mpira ukasimama, hata vifundo vilivyoteguka vikaadimika. Kodi haikuadimika. Benki ilinisogezea marejesho ya mkopo wa mashine huku riba ikihesabiwa vilevile. Msaidizi wangu nilimlipa nusu mshahara, na kampuni moja ya bima iliyokuwa na deni langu tangu Januari ikanijibu eti maafisa wanafanyia kazi nyumbani. Haya, mimi nifanyie wapi? Bega lililoganda halilegezwi kwa simu.

Waliobaki ni wazee wa kiharusi, ambao watoto wao hawakuthubutu kuwatoa nje. Ukimtibu mzee juu ya godoro lake, linazama, nawe umeinama saa nzima. Hapa kitanda hiki kinalipa: unakiinua hadi usawa wa nyonga zako, huinami tena. Nimelaza watu wazito na hakijayumba, ila nyaya za chini hulia kidogo.

Reksini, ile ngozi bandia ya juu, ndiyo udhaifu. Siku zile tulipangusa kila kitu kwa jik, na kabla ya mwaka kwisha ikapasuka pale kifua kinapolala. Fundi wa makochi Kongowea alinivalisha nyingine kwa 3,500, nzito kuliko ya kiwandani. Sasa natumia sabuni ya maji na kitambaa, tena natandika shuka.

Mkoba ni takataka. Mshono wa mkanda uliachia nikiwa ngazini Tudor, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Kwenye tuktuk kinaingia vizuri, bodaboda usijaribu.

Kuhusu pesa, msidanganyike. Nyumbani nilitoza 2,500, kliniki 1,800, lakini nyumbani unamaliza wanne kwa siku na tuktuk inakula faida, wakati kliniki hata tisa wanapita. Kitanda kilijilipa upesi na kikanisaidia kutofunga mlango. Hakikurudisha mapato ya zamani, na lile deni la bima nililipwa mwaka uliofuata, tena kwa mafungu. Vizuizi vya kaunti vilipoondolewa Julai, wa Mtwapa wachache walirudi. Wengine walishazoea kufuatwa, na hao hadi leo nawafuata.

Ukinunua, kabla hujafika nyumbani pitia kwa fundi wa mikoba akushonee mkanda mpya wa turubai, mara mbili, hadi chini ya mkoba.