Kichefuchefu cha gemu: ubadili setingi au umeze dawa?

Wanaocheza Minecraft kwenye mabanda ya gemu ya Mtwara wanaijua hali hii: dakika chache tu, kichwa kinazunguka na mate yanajaa mdomoni. Kwenye kivuko cha Msangamkuu mwili ndio unaoyumba. Kwenye gemu unayoiona kwa macho ya mhusika, macho yanasema unakimbia huku sikio la ndani likisema umekaa kwenye kiti. Tumbo ndilo linaloumia.

Wengi hukimbilia duka la dawa. Promethazine hutuliza kichefuchefu kweli, lakini inaleta usingizi. Sasa utacheza au utalala? Tena si ya kumeza kiholela, hasa kwa watoto. Chai ya tangawizi haina usumbufu huo, ila wengine inawasaidia kidogo tu.

Mimi naanza na setingi, maana zinagusa chanzo chenyewe, na ni bure. Kwenye Minecraft upana wa kuona (FOV), yaani eneo la mbele unaloliona kwenye skrini, huja ukiwa nyuzi 70 na unapanda hadi 110. Ukiwa umekaa karibu na skrini, pandisha taratibu, 80, kisha 90. Halafu zima ule mtikisiko wa mhusika anapotembea. Huo ndio mchokozi hasa. Gemu nyingine zina ukungu wa picha unapogeuka haraka, nao uzime.

Tatizo la bandani ni kwamba mashine ni ya wote, na anayefuata atalalamika umemvurugia. Ukikatazwa, sogeza kiti nyuma, omba taa iwashwe, na ukianza kutema mate mpishe mwenzako.