Minyoo ya mbwa: fenbendazole ya maji au kidonge mchanganyiko?

Maduka mengi ya dawa za mifugo huwa na fenbendazole ya mbuzi na ng'ombe. Inafaa pia kwa mbwa: miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, siku 3 mfululizo. Soma chupa kwanza. Ikiwa ni asilimia 10, mbwa wa kilo 12 anapata mililita 6 kwa siku. Ya asilimia 2.5 ni mililita 24. Watu hukosea hapa, au humpa siku moja tu na kulalamika kwamba dawa ni feki. Inaua minyoo duara, safura na minyoo mjeledi, lakini haitoshi kwa tegu aletwaye na viroboto.

Kidonge chenye praziquantel, pyrantel na febantel hutolewa mara moja, kwa kawaida kimoja kwa kilo 10. Ni ghali zaidi, ila praziquantel ndiyo inayomaliza tegu. Kwa mbwa wanaozurura machinjioni au kufuata mifugo huko Igunga na Nzega, tungechagua hiki bila kusita: tegu ambaye mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi humsababishia binadamu uvimbe wa maji kwenye ini. Mayai yake huambukiza mara tu yanapotoka kwenye kinyesi cha mbwa, kwa hiyo fukia kinyesi siku hiyohiyo.

Watoto wa mbwa waanze wakiwa na wiki 2, warudiwe kila wiki 2 hadi wiki ya 8, pamoja na mama yao. Wapime kwenye mizani, usikadirie.