Rupia ya Mjerumani: mtandaoni au mnadani?

Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ile yenye Kaiser Wilhelm II kavaa kofia ya chuma yenye tai, utaipata kwa njia hizi mbili, na zote zinaweza kukuliza.

Mtandaoni ni nyingi, za 1890, za 1904, za 1911, na hakuna dalali wa kukuharakisha. Shida ni kwamba unanunua picha. Mwambie muuzaji aiweke kwenye mizani ya sonara apige picha namba zikisomeka: halisi ina gramu 11.66, iliyochakaa hupungua kidogo. Ikisoma 10, achana naye. Aonyeshe na ukingo; mstari wa mshono maana yake imemiminwa kwenye kalibu, na rupia hizi ziligongwa. Sumaku haiinasi fedha, lakini hata shaba haiinasi, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Iliyosuguliwa kwa dawa ya meno siitaki hata kwa punguzo.

Mnadani, mtaalamu kwa kawaida ameshaikagua, nawe unaweza kwenda kuishika kabla ya siku yenyewe. Ila nyundo ikigonga kwa euro 100, ongeza ada ya mnada, mara nyingi asilimia 20 hivi, halafu posta na ushuru. Andika kikomo chako kwenye karatasi kabla hujaanza kutaja bei.

Rupia moja ya kawaida mimi naichukua mtandaoni. Ya rupia mbili, ya 1893 au 1894, ni adimu na hughushiwa. Hiyo naisubiri mnadani.